Kumwachia Mungu si Kunyamaza

Kila Ijumaa, siku ya mapumziko hapa Qatar, watu humiminika kwa maelfu kwenye eneo la makanisa la Mesaimeer, pembeni mwa jiji la Doha, ambako kanisa la kwanza la Kikatoliki nchini humu lilifunguliwa Machi 2008. Katika umati huo tumo sisi wa Afrika Mashariki: walinzi, madereva, wafanyakazi wa majumbani, na wengine tuliokimbia kwetu kwa sababu ya kalamu.

Baada ya ibada watu huelezana shida zao, na jibu huwa moja: "Mwachie Mungu." Mlinzi asiyelipwa miezi mitatu anaambiwa amwachie Mungu. Dada aliyenyang'anywa pasi na mwajiri wake anaambiwa hivyo hivyo, kisha Zaburi ya 37 inafunguliwa ili atulie.

Je, ndivyo Zaburi zinavyofundisha? Sisi tunasema la hasha! Zaburi ya 37 inamtaka mnyonge asiwakie hasira na asijilipizie kisasi. Haimwambii afiche uovu. Kitabu hicho hicho kimejaa mashitaka. Katika Zaburi ya 10 mwenye kuonewa anaeleza jinsi mwovu anavyomvizia maskini. Katika ile ya 13 Daudi anamuuliza Mungu waziwazi atamsahau mpaka lini. Na Zaburi ya 82 inawakemea waamuzi wanaowapendelea waovu na kuwaacha yatima na maskini.

Tukumbuke yaliyotokea Uganda. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenzake wa Kianglikana walimwandikia Idi Amin barua kupinga mauaji na watu kupotezwa. Walikuwa watu wa sala, lakini hawakuishia kwenye sala. Tarehe 16 mwezi huo Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari.

Na Amin je? Aling'olewa Aprili 1979, akapata hifadhi Saudi Arabia, jirani na hapa tunapoandikia, akafia hospitalini Jeddah Agosti 2003 bila kupandishwa kizimbani hata siku moja. Haki iko wapi? Hatutadai kwamba swali hili ni jepesi. Asafu mwenyewe, katika Zaburi ya 73, anakiri kwamba nusura imani yake ianguke alipoona waovu wanavyostarehe. Alitulia pale tu alipoingia mahali patakatifu akautafakari mwisho wao.

Lakini jambo moja tunaliona kwa macho. Uongo wa ajali haukudumu, kwa sababu kulikuwa na barua na kulikuwa na mashahidi. Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda, kwa heshima ya Luwum. Hukumu ni ya Mungu. Ushahidi ni kazi yetu.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa Doha, ombeni, lakini wekeni nakala ya mkataba. Andikeni tarehe ambazo mshahara haukuingia. Tangu 2018 zipo kamati za migogoro ya kazi, na tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara ni riali 1,000 kwa mwezi. Si kila anayelalamika hushinda, na wapo wanaoogopa kurudishwa kwao mikono mitupu. Hofu hiyo tunaijua. Ndiyo maana tuliosalimika tunapaswa kuwasindikiza, kuwatafsiria na kuwaandikia barua.

Zaburi ya 146 inasema Mungu huwalinda wageni. Sisi sote hapa ni wageni. Anayemwambia mwenzake "mwachie Mungu" kisha akapanda basi kurudi zake, amwogope Mungu huyo huyo.