Hedifoni Nzuri Haziombi Amplifaya, Zinaomba Hesabu

Siku nyingi sijagusa mambo ya sauti hapa, maana kila nikianza kuandika nakumbuka pesa zangu na moyo unauma. Leo nitajikaza.

Wiki jana kijana anayefanya mafunzo ya kazi ofisini kwetu alikuja mezani kwangu akiwa na kasha chini ya kwapa. Ndani mlikuwa na Sennheiser HD 650 zilizotumika, bado safi, na alikuwa amedundiza miezi kadhaa kuzipata. Lakini uso ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Kuna jamaa alikuwa amemwambia kwamba hedifoni kama hizo bila amplifaya na DAC ya mezani ni kazi bure, afadhali angebaki na zile za kuuziwa barabarani.

"Mkuu," akaniuliza, "nichukue mkopo wa simu nimalizie?"

Nilimwambia avute kiti kwanza. Niliyomwambia ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu naamini hayuko peke yake.

Tuanze na majina, ili tusipotezane njiani. Muziki ulio ndani ya simu au kompyuta ni namba tu. DAC ni kigeuzi: kazi yake ni kuchukua namba hizo na kuzigeuza ziwe umeme unaopanda na kushuka. Amplifaya inaupokea umeme huo na kuupa nguvu ya kutosha kusukuma viwambo vidogo vilivyo ndani ya hedifoni. Basi. Hakuna uchawi mwingine.

Na hivi vyote viwili tayari unavyo! Kama laptopu yako ina tundu la hedifoni, kigeuzi na amplifaya vimo ndani. Kama simu yako haina tundu na unatumia kile kiwaya kifupi cha adapta, kwa kawaida vimo ndani ya adapta yenyewe, hapo kwenye kichwa kisichozidi ukucha. Kama unatumia hedifoni za Bluetooth, vimo ndani ya hedifoni, na ukisikiliza bila waya amplifaya ya mezani haina hata mahali pa kuingilia. Kwa hiyo usijiulize kama unahitaji amplifaya. Jiulize kama uliyo nayo inatosha.

Mimi nasema kwa watu wengi inatosha. Na nasema pia kwamba uzuri wa hedifoni na ugumu wa kuzisukuma ni mambo mawili tofauti, ila wauzaji wamefaulu kuyafunga pamoja vichwani mwetu.

Haya, hesabu. Usikimbie, ni fupi.

Kila hedifoni ina namba mbili kwenye karatasi yake. Ya kwanza ni ukinzani wake, unaopimwa kwa omu. Ya pili ni sauti inayotoa ikipewa kiasi fulani cha umeme, inayopimwa kwa desibeli. Sasa chukua adapta ndogo ya Apple ya USB-C, ile inayouzwa dola 9 huko Marekani. Ile ya soko la Marekani hutoa kama volti 1 ikifunguliwa mpaka mwisho (ya Ulaya hutoa kama nusu ya hapo, na kwenye simu kadhaa za Android imejulikana kutoa pungufu vilevile). Tukichukua hiyo volti 1 kama kipimo, tunapata hivi:

- Sony MDR-7506 (omu 63, desibeli 106 kwa miliwati 1): kama desibeli 118.
- Audio-Technica ATH-M50x (omu 38, desibeli 99 kwa miliwati 1): kama desibeli 113.
- Sennheiser HD 650 (omu 300, desibeli 103 kwa volti 1): desibeli 103.
- HiFiMAN HE-6 (omu 50, desibeli 83.5 kwa miliwati 1): kama desibeli 96.5.

Unataka ngapi? Mtu anayesikiliza kwa akili timamu hukaa kwenye wastani wa desibeli 75 hadi 80. Rekodi zenye sauti ya kupanda na kushuka sana, kama za okestra, zinaweza kuwa na vilele vya desibeli 20 juu ya wastani huo. Ukiweka lengo la 110 kwa vilele, una akiba ya kutosha.

Sasa tazama orodha tena. Zile Sony zimekuwa studioni tangu mwaka 1991, mafundi wa sauti wanazitegemea kwa mkate wao wa kila siku, na haziombi chochote. HD 650 ziko katikati: kwa usikilizaji wa kawaida zinatosheka, kwa mtu wa rekodi tulivu anayependa sauti juu zinapungukiwa kidogo. HE-6 ndizo zinazohitaji amplifaya kwelikweli. Kufika 110 zinataka kama miliwati 450, karibu volti 4.7, na hakuna adapta ya dola 9 itakayozifikisha huko.

Umeona jambo lingine? HE-6 zina omu 50 tu, ilhali HD 650 zina 300, lakini ngumu zaidi ni hizo za 50. Kwa hiyo anayekwambia "omu nyingi, lazima amplifaya" amesoma namba moja akaacha ya pili.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na Beyerdynamic DT 770 Pro za omu 80. Nilisoma, nikasoma tena, nikashawishika. Nikanunua kigeuzi na amplifaya ya mezani kwa pesa zilizokuwa kodi ya nyumba ya miezi miwili. Kilipofika nilikiweka mezani, taa yake ndogo ikawaka, nikasikiliza, na naapa nilisikia tofauti. Besi ilishuka chini zaidi. Sauti za waimbaji zilisogea karibu. Niliwaambia wenzangu wote kazini.

Dada yangu mdogo alikuwa amekuja kunitembelea. Nikamwomba tufanye jaribio: nitageukia ukutani, yeye arushe sarafu, na kulingana na upande uliotokea achomeke waya kwenye laptopu au kwenye kile kifaa kipya bila kuniambia. Mizunguko 20. Nilipata 17. Nikaruka juu kama mshambuliaji aliyefunga bao!

Yeye hakushangilia. Alivaa hedifoni, akajaribu huku na huku, halafu akasema: "Kwani hiki kimoja si kina sauti kubwa tu?"

Nikachukua multimita, nikacheza mlio wa hezi 100 na kupima volti kwenye matundu yote mawili. Kifaa kipya kilikuwa juu kwa kama desibeli 2. Nikasawazisha. Tukarudia mizunguko 20 na sarafu ileile. Nilipata 11.

Anayebahatisha tu hutarajiwa kupata kama 10. Kupata 15 au zaidi kwa bahati hutokea kama mara 2 katika kila majaribio 100, kwa hiyo kama ningefika hapo ningekuwa na la kusema. Kwa 11 sikuwa na la kusema. Kodi ya miezi miwili ilikuwa imeninunulia desibeli 2, ambazo ningezipata bure kwa kubonyeza kitufe cha kuongeza sauti.

Hili si jambo geni. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa chini, masikio yetu huipoteza besi kuliko sauti za katikati. Ukiongeza kidogo tu, besi inarudi, na wewe hausemi "imeongezeka", unasema "imekuwa nzuri". Muuzaji anayekuonyesha vifaa viwili bila kuvisawazisha anauza hiyo desibeli, hata kama mwenyewe hajui.

Na kigeuzi je? CD ya mwaka 1982 ilikuja na biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde. Biti 16 zinakupa kama desibeli 96 kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa, na sampuli hizo zinabeba sauti hadi takriban hezi 22,000, juu ya pale masikio ya mtu mzima yanapoishia. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha jaribio katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti cha Marekani: walichukua rekodi za ubora wa juu zaidi, wakazipitisha kwenye kiwango cha CD, wakauliza wasikilizaji kama wanatofautisha. Katika majaribio 554, waliopatia walikuwa 276. Piga hesabu mwenyewe, ni kama ile sarafu ya dada yangu. Kigeuzi cha bei nafuu cha leo kilichotengenezwa vizuri kinafikia kiwango hicho bila kutoa jasho.

Najua kuna watakaosema, "Wewe masikio yako ni mabovu." Inawezekana! Jaribio langu ni la mtu mmoja. Lakini dawa yake ni rahisi: fanya la kwako, sawazisha sauti, mtu mwingine ashike waya. Ukipata 15 kati ya 20, nunua kwa amani na nitakupongeza.

Tena sisemi amplifaya ni utapeli. Kuna sababu za kweli za kununua, na ninazijua nne.

Ya kwanza ni pale hesabu inapokataa, kama kwa wale wa HE-6.

Ya pili ni kelele. Kuna kompyuta za mezani ambazo ukichomeka hedifoni tundu la mbele unasikia kipanya kikitembea, zzz-zzz. Hapo kigeuzi kilicho nje ya kompyuta kinasaidia, na mara nyingi ile adapta ndogo yatosha. Ila angalia: kama ni mvumo unaokuja ukichomeka chaja na kutoweka ukiichomoa, tatizo liko kwenye umeme na waya wa ardhi. Kifaa cha mezani kinachokula umeme wa USB kutoka laptopu ileile kinaweza kukuletea mvumo uleule kwa bei ya juu.

Ya tatu ni ukinzani wa tundu lenyewe. Kanuni inayotumika ni kwamba usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kuna vifaa vya zamani vyenye omu 100 na zaidi hapo kwenye tundu, na vinaweza kubadilisha mlio wa hedifoni, hasa besi.

Ya nne ni raha. Unataka kirungu kikubwa cha kuzungusha na taa nzuri mezani. Sawa kabisa! Mimi nina kibodi ya bei ya kipuuzi. Lakini tuiite raha, tusiiite lazima, na raha haichukuliwi mkopo wa simu.

Mwaka 2011 mtu aliyejiita NwAvGuy, ambaye hadi leo jina lake halisi halijulikani hadharani, alibuni amplifaya iitwayo O2, akaweka michoro na vipimo vyake wazi ili yeyote aijenge. Mwaka uliofuata alinyamaza. Sisi watu wa programu tunalielewa somo lake haraka kuliko wengine: onyesha vipimo, usionyeshe maneno. Kifaa kizuri ni kile kisichoongeza kitu chake na kisichopunguza, na hicho hakihitaji kuwa ghali.

Kama pesa zinakuwasha, zitumie mahali penye tofauti ya kweli. Hedifoni mbili za aina tofauti zinaweza kuachana kwa desibeli 5 au 10 kwenye besi. Hiyo hata bibi yangu anaisikia. Badilisha sifongo za masikioni zilizochakaa. Jaribu Equalizer APO kwenye Windows, ni ya bure, urekebishe mlio utakavyo.

Na yachunge masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, saa zinabaki 4. Nguvu ya ziada ya amplifaya kubwa ni kama gari la kasi 240 kwenye barabara ya mtaani kwetu: unaweza kuwa nalo, lakini ukiitumia yote utaumia.

Turudi kwa kijana wetu. Tulichomeka HD 650 zake kwenye laptopu ya kazi kwa adapta yangu ndogo. Akacheza nyimbo anazozijua, moja baada ya nyingine, sauti ikiwa theluthi mbili. Alifumba macho kwa dakika kumi hivi, mpaka bosi akapita mara mbili. Kisha tukajaribu kwenye simu yake, na hapo kweli, rekodi mbili za gitaa tulivu zilikuwa chini kuliko alivyotaka. Tukaandika: laptopu sawa, simu hapana kwa rekodi tulivu.

Hilo ndilo jibu lake. Jamaa yule hakuwa amekosea kabisa, ila hakuwa amepima. Kijana ameamua kusikiliza kwenye laptopu, na mwisho wa mwaka, akitaka na akiwa na pesa zake mwenyewe, atatafuta kiamplifaya kidogo. Mkopo hakuchukua.

Kwa leo naishia hapa. Kile kifaa changu bado kiko mezani, taa yake inawaka. Huwa nawekea kikombe cha chai juu yake, maana kinapata joto vizuri.