Motere Ikitoa Moshi, Dispanseri Inalipa



Mtaniuliza: msaidizi wa mganga anatafuta nini ndani ya garaji? Ni kweli, mimi si fundi wa motere. Lakini silindri inapolika, sehemu ya gharama yake inakuja kulipwa kwetu, dispanseri. Ndiyo sababu leo naandika juu yake katika ukurasa huu.

Motere inapumua kama mtu. Ili kuchoma lita 1 tu ya mazutu, inavuta hewa isiyopungua lita 10,000. Mtu anayefanya kazi anavuta karibu hewa hiyo hiyo katika posti moja ya saa 8. Sasa fikirini vumbi la barabara za mgodi wakati wa kiangazi. Mawe mengi ya migodi ya Katanga yana silika, na punje ya silika ni ngumu kuliko chuma cha silindri. Filtri ya hewa ikitoboka, au bomba la hewa likipasuka, punje zinaingia kati ya segma na shemizi, zinasaga kama msasa.

Mafuta ya motere nayo hayalainishi tu. Mazutu yenye salfa yakichomwa yanazaa asidi. Ndani ya mafuta imetiwa dawa ya kuipoza asidi hiyo, lakini dawa hiyo inakwisha. Mtu akipitisha saa za kubadilisha mafuta, akisema anapunguza matumizi, asidi inakula chuma. Silindri ikishalika, inaanza kunywa mafuta, mgandamizo unapungua, na mazutu hayachomeki vizuri. Kila asubuhi anaongeza mafuta yale yale aliyotaka kuyabana. Bei ya filtri moja imegeuka bei ya shemizi, pistoni na segma, pamoja na siku ambazo mashini inalala.

Hesabu hiyo inaandikwa katika kitabu cha garaji. Kuna nyingine isiyoandikwa humo. Moshi wa bluu ni mafuta ya motere yanayoungua. Moshi mweusi ni mazutu yasiyochomeka vizuri. Yote mawili yanaingia katika kifua cha mtu, na chini ya ardhi hayana njia nyepesi ya kutoka. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa motere za dizeli kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Kansa hiyo ni ya mapafu.

Nami nina kosa langu. Mahali nilipofanya kazi zamani, shofere wa mashini ya kupakia alikuja kwangu akiumwa kichwa, macho mekundu. Nikampa vidonge, akarudi kazini. Kesho yake alikuja tena, pamoja na wenzake wawili wa ekipi ile ile. Nikawapa vidonge wote. Siku ya tatu ndipo mmoja aliponiambia: "Bwana muganga, ile mashini inatoa moshi tangu juma lililopita, wanangojea segma." Nilikuwa nikitibu motere kwa aspirini! Kitabu changu kilionyesha wagonjwa watatu, kitabu cha garaji kilionyesha mashini moja inayofanya kazi vizuri. Vyote viwili vilidanganya kwa sababu havikusomwa pamoja.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

Shofere: ukiona moshi umebadilika rangi, au mafuta yanapungua upesi, sema kabla ya posti kuanza. Usiogope kuitwa mvivu.

Fundi: usipulize filtri kwa hewa ya kompresa. Unaweza kuitoboa, na vumbi linarudi puani mwako. Usinawe mikono kwa esansi wala mazutu, tumia sabuni na maji. Kitambaa chenye mafuta machafu usikitie mfukoni, kinaharibu ngozi ya paja, na mafuta yaliyokwisha kutumika yakikaa juu ya ngozi miaka mingi yanaweza kuleta kansa. Usinyonye mazutu kwa mpira. Ukiyameza, usijitapishe, maana yanaweza kuingia mapafuni. Njoo dispanseri mara moja.

Kapita na wakubwa: mashini inayotoa moshi itolewe chini ya ardhi siku ile ile. Najua tani zinahesabiwa. Lakini mashini inayofanya kazi ikiwa mgonjwa inakula mazutu, mafuta na watu kwa pamoja, na mwishoni itasimama yenyewe, tena katikati ya kazi.

Sisi wa dispanseri: mtu akija na kichwa au kikohozi, tumwulize alikuwa karibu na mashini gani, tuandike namba yake, tuipeleke garaji. Ni mstari mmoja tu katika kitabu.

Silika inayosaga silindri inasaga mapafu vilevile, na ugonjwa wake, silikosi, hauna dawa ya kuuponya. Silindri iliyolika inawekewa shemizi mpya. Mapafu hayana kipande cha kubadilisha katika magazini yoyote. Basi tuanze na filtri, ndiyo iliyo rahisi kuliko yote. Kinga ni bora kuliko tiba.