Usiku wa Msondo pale Didia

Mwezi uliopita nilipoandika habari za wapenzi wanaoishi mikoa tofauti, mlinijia juu. Wengi mliuliza swali moja: “Dada, wewe mwenyewe yamekukuta, au unatuandikia ya vitabuni?” Yamenikuta. Vuteni viti, leo najianika.

Ilikuwa Julai 2004. Mimi nilikuwa Shinyanga mjini, karani wa benki, mtoto wa Dar niliyepangiwa huko na kulia njia nzima. Mwenzangu alikuwa fundi mitambo kwenye mgodi wa Bulyanhulu, ule ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2001, anaishi Kakola. Miaka miwili ya mapenzi ya kubipiana. Akiwa zamu, simu haipatikani. Akitoka zamu, anatoka na usingizi. Vocha zilikuwa zinakula mshahara wangu, na maneno tuliyokuwa tunaambiana kwa vocha hizo yalishapungua mpaka “umekula?” na “lala salama”.

Kwenye mkoba wangu siku hiyo kulikuwa na barua ya uhamisho. Dar, makao makuu, kuripoti mwezi ujao. Niliiomba mwenyewe, na sikumwambia. Nilipanga tukutane, nimpe aisome, tuagane kama watu wazima.

Sasa kwa nini Didia? Wanaoifahamu njia ile wanajua. Ukitoka Kahama unakuja Isaka, unafika Tinde, unakata kulia kwako kushoto kwangu (mimi na ramani hatupatani), halafu kabla ya Shinyanga unaipita Didia. Watu wengi wanaipita tu dirishani. Lakini wiki ile gari la matangazo lilipita mjini na spika juu: Msondo Ngoma, Baba ya Muziki, kwenye ziara ya Kanda ya Ziwa, watasimama usiku mmoja kwenye gesti moja pale Didia. Pamba ilishaanza kununuliwa, watu wana hela, na bendi za Dar zilijua kalenda hiyo kuliko mabwana shamba.

Niseme ukweli, Msondo ilinifanya nisahau nusu ya hasira. Mzee wangu alikuwa kiwandani Urafiki, na kwa watu wa viwandani Msondo ilikuwa kama mali yao. Bendi hiyo ilizaliwa mwaka 1964 ikiwa NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kikibadili jina, na bendi inabadili: JUWATA, kisha OTTU, mpaka ikabaki Msondo Ngoma. Nyumbani kwetu ukiisifia Sikinde wakati wa kula, unamaliza chakula chako nje. Nilikua hivyo.

Gesti yenyewe, jamani! Vyumba vinane vya bati vimezunguka uwanja wa udongo, mwarobaini mmoja katikati, bomba la maji lenye foleni. Jukwaa walilitengeneza kwa kreti za bia na mbao. Mlangoni walikaa wazee wa Sungusungu, fimbo magotini, wanakagua watu kuliko polisi wa uwanja wa ndege. Kiingilio kilikuwa kidogo, lakini ukisogea kwenye Balimi ya baridi, hela yako inaisha. Ng'ombe walifungwa nyuma ya choo. Sitanii.

Mwenzangu alifika saa mbili usiku, kapanda lori la mizigo, vumbi mpaka kwenye kope. Alivaa shati nililomnunulia. Nikajisemea: usilainike.

Bendi ilipoanza, nililainika. Mwanamke mmoja mtu mzima, kajifunga kanga kiunoni, aliniambia hii kwao si ngeni. Wasukuma wana mashindano yao ya ngoma kila baada ya mavuno, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, na kila upande una wafuasi na dawa zake. “Kwa hiyo nyie wa Dar, Msondo ni Bagika na Sikinde ni Bagalu?” Nilicheka mpaka nikamwagikiwa. Sijawahi kusikia mtu akiueleza upinzani ule vizuri kuliko yule mama. Nikamwambia basi Muhidin Gurumo alikuwa kotekote, maana alianza na NUTA mwaka 1964, akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park mwaka 1978, halafu akarudi tena Msondo. Mama akatikisa kichwa. “Huyo huku angekuwa amesharogwa.”

Gurumo huyo huyo alikuwa pale mbele yetu. Na TX Moshi William, na sauti yake ile inayokwenda moja kwa moja kwenye kidonda. Wakapiga Piga Ua Talaka Utatoa, na uwanja mzima ukavamiwa. Wachimbaji wadogo, walimu, wauza pamba, wake za watu. Mwenzangu alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, nikadhani ni uchovu.

Katikati ya wimbo jenereta likafa. Giza la Didia si kama giza la Sinza, hakuna taa ya jirani. Magitaa yakakatika, maikrofoni ikakatika. Watu wakapiga mluzi. Halafu ikatokea kitu ambacho mpaka leo nikikisimulia nywele zinanisimama: tumba hazikunyamaza. Tumba hazihitaji umeme. Na tarumbeta hazihitaji umeme, wala mdomo wa bata. Wale jamaa wakaendelea kupuliza gizani, na watu uwanja mzima wakawa waimbaji, wanaitikia, wanapiga makofi, mtu humuoni aliye mbele yako.

Hapo ndipo aliponisogelea sikioni.

“Nina mtoto.”

Nikasema, nini?

“Wa kiume. Ana miezi minane. Mama yake ameondoka, kamwacha kwa mama yangu Kahama.”

Wanawake wenzangu, hesabu tunaijua. Miaka miwili toa miezi minane, toa na tisa. Nilihesabu haraka kuliko mashine ya benki. Nikakumbuka kila “umekula?” na kila “lala salama” ya miezi hiyo yote. Mtu anaweza kukosea, na sisi wanawake tunakosea pia. Lakini kunipigia kila wiki, unaniuliza nimekula nini, na hilo limekukaa kooni? Hapo ndipo paliponiuma, na wanaume mnaosoma safu hii, hapo ndipo panapouma siku zote. Mtoto hana kosa.

Sikumpiga kofi. Sikulia. Nilifungua mkoba, nikampa barua ya uhamisho gizani. Hakuweza kuisoma, akaishika tu. Nikamwambia ni nini. Naye akanyamaza, maana hata mimi nilikuwa na la kooni, la miezi mitatu.

Jenereta likaguruma, taa zikawaka, tukaonana. Nusu ya uwanja ulikuwa unalia kwa furaha, sisi wawili tunalia kwa yetu, hakuna aliyetushangaa. Tulicheza mpaka alfajiri. Hatukuzungumza tena. Asubuhi mzee mmoja wa Sungusungu alitusalimia, “Mwangaluka,” akatuuliza kama tumelala salama. Nikapanda Hiace ya Shinyanga, yeye akabaki upande wa pili wa barabara kusubiri la Kahama, barua yangu bado iko mfukoni mwake.

Nilihamia Dar. Mwaka na nusu hakuna simu, hakuna bipu. Halafu Machi 2006 redio ikatangaza kuwa TX Moshi William amefariki dunia. Niko dawatini, simu ikaita, namba siijui. “Umesikia?” akasema. Nikasema nimesikia. Tukakaa kimya, vocha inaliwa, na nyuma yake nikasikia sauti ya mtoto inauliza, “Baba, nani?”

Nikamwambia mpe simu.

Mtoto yule sasa ana ndevu, na ananizidi kimo. Baba yake mpaka leo anabisha kwamba aliniambia kabla taa hazijazimika, mbele ya watu wote, kiume. Muongo. Nilikuwepo.