Mtoto wa nchi kavu naye hukutana na maji

Ukimweleza mzazi wa Newala habari za watoto kuzama majini, mara nyingi atakuuliza: maji yenyewe yako wapi? Swali hilo lina msingi. Mji uko juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na juu huko hakuna ziwa wala mto wa kudumu. Maji husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni, kama Mitema, na pampu ikisimama watu hununua kwa ndoo. Masasi nako, kiangazi kikikolea, vijito vingi hubaki mchanga mtupu. Kwa hiyo wengi huona kuzama ni shida ya watu wa Mwanza, Kigoma au Mtwara mjini.

Lakini mtoto wa nchi kavu naye hukutana na maji, na akikutana nayo huwa hajui lolote. Mtoto wa mvuvi ameyaona maji tangu anatambaa, na mara nyingi kuna kaka au mjomba aliyemwonyesha namna ya kuelea. Wa Newala au Masasi huyafikia akiwa na miaka minane au kumi, akiwa na wenzake tu, pasipo mtu mzima.

Samaki kutoka Nairobi

Wapo wanaoamini kuogelea ni kipaji cha watu wa pwani. Historia ya muogeleaji maarufu wa Kenya, Jason Dunford, inaonyesha vingine. Alizaliwa mwaka 1986 Nairobi, jiji lililo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, karibu kilomita 500 kutoka Mombasa. Yeye na mdogo wake David walijifunza kwenye mabwawa ya kuogelea, wakafundishwa, wakakazana miaka mingi, na wote wawili wakaiwakilisha Kenya katika Olimpiki za 2008 na 2012. Jason alisoma Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, huku akiogelea katika timu ya chuo.

Agosti 2008, mjini Beijing, Dunford aliingia majini katika mchujo wa mita 100 mtindo wa kipepeo na kumaliza kwa sekunde 51.14. Ilikuwa rekodi mpya ya Olimpiki, tena imewekwa na Mkenya, mtu wa nchi ambayo dunia iliizoea kwenye riadha. Rekodi hiyo haikudumu. Muda mfupi baadaye, katika mchujo huohuo, Milorad Čavić wa Serbia alitumia sekunde 50.76. Katika fainali, ile ambayo Michael Phelps wa Marekani alimshinda Čavić kwa tofauti ya mia moja ya sekunde, Dunford alishika nafasi ya tano. Medali ya shaba ilikwenda kwa aliyetumia sekunde 51.12. Kama Dunford angerudia muda wake wa mchujo, angeikosa kwa mia mbili tu za sekunde.

Hakukata tamaa. Mwaka 2010, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi, alitwaa dhahabu ya mita 50 kipepeo kwa muda wa chini ya sekunde 24. Mwaka 2012 ndiye aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London. Alipostaafu aliingia kwenye muziki kwa jina la Samaki Mkuu.

Tanzania, yenye bahari na maziwa makuu matatu, nayo ina wake. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 Sophia Latiff aliogelea mita 50 mtindo huru na Collins Saliboko mita 100. Ni wachache kwa nchi yenye maji mengi kiasi hiki, na sababu yake inajulikana: kuogelea hufundishwa, na watoto wengi hawana wa kuwafundisha.

Wenzetu wa Sweden wamelipeleka jambo hili shuleni. Nchi hiyo ndiyo ya Sarah Sjöström, aliyeshinda dhahabu mbili Paris 2024, za mita 50 na mita 100 mtindo huru, akikaribia miaka 31. Huko mwanafunzi anatakiwa hadi kumaliza darasa la sita awe anaweza kuogelea mita 200, na 50 kati ya hizo akiwa chali. Wengi wao hawatashindana popote. Lengo la kwanza ni mtoto akitumbukia majini aweze kutoka.

Maji yaliyo uani

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Umri huo hauendi mtoni. Huzama nyumbani au jirani na nyumbani.

Nyumba nyingi za uwanda wa Makonde zimechimba visima vya kuvunia maji ya mvua kutoka bati. Ni akiba inayookoa familia wakati wa kiangazi, lakini kisima chenye mfuniko wa bati lililolegea, au ubao uliooza, ni mtego kwa mtoto anayeanza kutembea. Vivyo hivyo pipa, ndoo na beseni la kufulia. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito ukikilinganisha na mwili wake; akiinama kuchungulia ndoo akapinduka, hana nguvu ya kujiinua. Maji ya kufika kwenye kiwiko cha mtu mzima yanatosha kabisa kumzamisha.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Hewa ya kupigia kelele hana. Mama anaweza kuwa anapepeta mchele hatua kumi kutoka hapo asisikie kitu. Kwa hiyo masikio hayatoshi, macho ndiyo yanayolinda. Mfuniko wa kisima uwe mzito au wenye kufuli, ndoo zisizotumika zimwagwe na kupinduliwa, na mtoto wa chini ya miaka mitano awe na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye anayemwangalia. Msimu wa korosho, wakubwa wote wakiwa shambani, kazi hiyo huachiwa bibi au dada wa miaka saba. Dada huyo bado ni mtoto, naye anahitaji kuangaliwa.

Kwa wakubwa kidogo hatari iko nje. Mvua zikianza, mashimo ya tofali na malambo kandokando ya Masasi hujaa. Maji ni ya rangi ya udongo, kina hakionekani, kingo zinateleza. Familia za Newala zinazolima mpunga bonde la Ruvuma hushuka na watoto, na Ruvuma ina mkondo mkali na mamba. Hapo si mahali pa kujifunzia.

Mtoto mwenye kifafa yuko kwenye hatari zaidi ya wengine. Asitumwe kisimani wala mtoni peke yake, na dawa zake asikose.

Afundishwe wapi?

Zanzibar, katika kijiji cha Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, wakijifunza kuelea kwa msaada wa madumu matupu. Dumu lipo kila nyumba ya Newala na Masasi. Kinachokosekana ni mahali salama na mtu mzima anayejua.

Mzazi mwenye ndugu Mtwara au Lindi anaweza kuitumia likizo vizuri. Achague sehemu tulivu, maji yasipite kiuno cha mtoto, na mwogeleaji mzima awe ndani ya maji umbali wa kumfikia kwa mkono. Mtoto aanze na mambo matatu: kutoa pumzi kinywani uso ukiwa majini, kulala chali na kuelea, kisha kugeuka kutoka kifudifudi kwenda chali na kurudi ufukweni. Kasi haina maana hapa. Hata Dunford hakuanza na kipepeo.

Anayejua kuogelea kidogo hajawa salama. Bado asiende peke yake, wala asiruke kichwa mbele kwenye maji asiyoyajua kina chake.

Mtoto akizama, fanya hivi

Usimrukie kama hujui kuogelea. Mara nyingi vifo huwa viwili kwa sababu hiyo. Piga kelele kuita watu, mrushie dumu tupu lililofungwa kamba, au mnyooshee fito ndefu au khanga ukiwa umelala chini ukingoni.

Akitolewa, mlaze chali mahali pagumu. Mwite, angalia kama kifua kinapanda na kushuka. Kama hapumui, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi tano kinywani, kila moja mpaka kifua kiinuke. Mtoto mchanga, mfunike mdomo na pua kwa pamoja. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, kisha pumzi mbili, na uendelee hivyo mpaka aanze kupumua au msaada ufike. Mwingine atafute usafiri wakati wewe unaendelea.

Usimning'inize miguu juu, usimbinye tumbo, usimviringishe juu ya pipa. Njia hizo hupoteza muda na huweza kuyarudisha matapishi kwenye mapafu. Ubongo hauvumilii kukosa hewa zaidi ya dakika chache.

Akizinduka, mpeleke hospitali hata kama anazungumza na kuomba uji. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kuleta shida ya kupumua saa kadhaa baadaye. Akibaki na kikohozi kisichoisha, pumzi za haraka au usingizi usio wa kawaida, usisubiri asubuhi.

Mvua hazijaanza, visima vingi bado vina nafasi na vinafikika kwa ukarabati. Huu ndio wakati wa kumwita fundi aje apime mfuniko.

Wiki ijayo: mtoto akiumwa na nyoka shambani, nini cha kufanya na nini cha kuacha.