Mshoni wa Manningtree

Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wangu wa somo la insha filamu ya Kiingereza iitwayo Witchfinder General, iliyotolewa mwaka 1968, ili tupate jambo la kuandikia. Ilipokwisha na taa kuwashwa, kijana mmoja hodari wa maneno alisimama akasema kuwa sasa amefahamu jinsi maovu yale yalivyotokea: alizuka mtu mmoja katili, akajipatia mamlaka, akatenda apendavyo. Wenzake waliitikia kwa vichwa. Sikumlaumu, maana alisema sawasawa na alivyoonyeshwa. Lawama yangu ni juu ya picha yenyewe na ndugu zake, na juu ya wale wazisifuo. Na hiyo ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Ndugu zake si wachache. Kuanzia mwaka 1960, kwa muda wa miaka kumi na kitu, watengenezaji wa sinema wa Uingereza, Italia na Ujerumani walitoa filamu moja baada ya nyingine za kutisha juu ya zama ambazo Ulaya iliwasaka wachawi na kuwaua. Baadhi zilitemewa mate zilipotoka. Leo zina mashabiki wazitazamao tena na tena kama watu wahudhuriao tambiko, wajuao kila neno na kila jeraha, na wataalamu wanaziandikia vitabu. Husemwa kuwa ni kazi za kishujaa. Kwamba zinafichua dhuluma ya mahakama na ya kanisa, na kumtetea mwanamke asiye na mtetezi. Nakana. Nasema kuwa nyingi katika hizo zimemficha mwuaji, naye ni mwuaji yuleyule aliyestahili kuonyeshwa kuliko wote.

Nianze na zile zinazomfanya mchawi kuwa mchawi kweli. Mwaka 1960 Mwitalia Mario Bava alitoa La maschera del demonio. Mwanamke aitwaye Asa anahukumiwa katika karne ya 17, anapigiliwa usoni kinyago chenye misumari, na baada ya miaka 200 anafufuka kulipiza kisasi juu ya kizazi chake. Kwa macho ni picha nzuri ajabu. Ukungu wake na kuta zake sijapata kuziona katika filamu nyingine. Lakini maana yake ni nini? Maana yake ni kuwa wale waliompigilia misumari walikuwa na haki, na kosa lao pekee ni kutoimaliza kazi. Mwishoni watu wanakuja na mienge, wanamchoma, nasi tunaombwa tushushe pumzi. Mwaka uleule Waingereza walitoa The City of the Dead, ambamo mwanamke anachomwa moto Massachusetts mwaka 1692, kisha anaendelea kuishi na kuua. Massachusetts mwaka ule haikumchoma mtu. Watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja aliuawa kwa kulundikiwa mawe. Hakuna hata mmoja wao aliyerudi. Mwaka 1971 ikaja The Blood on Satan's Claw, ambamo vijana wa kijiji wanaota kweli ngozi ya shetani miilini mwao, na hakimu anarejea na upanga kutuokoa.

Wanahistoria wa leo wanakadiria kuwa kati ya watu 40,000 na 60,000 waliuawa Ulaya kwa hukumu za uchawi kati ya karne ya 15 na ya 18, na kwamba robo tatu yao au zaidi walikuwa wanawake. Mtu awezaye kuyajua haya, kisha akatunga hadithi ambayo mchawi ni wa kweli na hakimu ndiye mwokozi, ametoa ushahidi upande wa mashitaka, akalipwa kwa tikiti za mlangoni.

Utaniambia: hizo ni ngano, nani azichukue kwa ukweli? Vema. Basi tuziache, tuje kwa zile zijidaizo kusema kweli, na Witchfinder General ndiyo kinara wao. Mwelekezi wake, Michael Reeves, alikuwa kijana wa miaka 24, na alifariki mapema mwaka 1969 kabla ya kutimiza 26. Alikuwa na kipaji, sibishani. Mashamba yake ni ya kijani, farasi wanakwenda mbio, na uovu unatendeka mchana kweupe. Vincent Price, aliyekwisha pita miaka 55, anamwigiza Matthew Hopkins, msaka wachawi wa mashariki ya Uingereza wakati wa vita vya Mfalme na Bunge. Hopkins huyu wa sinema ni bwana mzima mwenye sauti ya baridi, azungukaye na msaidizi wake John Stearne akitesa, akinyonga, akidai fedha na miili ya wanawake. Mwishoni askari mmoja kijana, ambaye mchumba wake amedhulumiwa, anamkatakata kwa shoka.

Hopkins wa kweli alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Cheo cha mkuu wa wasaka wachawi hakupewa na Bunge, alijipa mwenyewe. Wala hakufa kwa shoka. Alikufa kwa maradhi, yaaminiwayo kuwa kifua kikuu, akazikwa Mistley mwezi wa Agosti 1647, bila mtu kumgusa. Hayo nayataja upesi, kwa kuwa mtunzi ana ruhusa ya kubadili umri na kifo. Nisilomruhusu ni hili lifuatalo.

Katika mji wa Manningtree alikuwapo mshoni wa nguo, jina lake John Rivet. Mkewe aliugua ugonjwa usiofahamika. Mshoni akaenda kwa mwanamke mmoja mganga, akaambiwa kuwa mkewe amerogwa na wanawake wawili majirani. Akarudi nyumbani akawaza, na mawazo yake yakamwangukia Elizabeth Clarke, kikongwe maskini mwenye mguu mmoja. Ndivyo ulivyoanza, mwaka 1645, msako mkubwa kuliko yote katika historia ya Uingereza. Clarke alikeshezwa usiku baada ya usiku asipate usingizi, mpaka akakiri na kutaja wengine. Waliomkesha walikuwa watu wa mji ule, ambao amekutana nao sokoni maisha yake yote. Waliomvua nguo wakampekua mwili kutafuta alama ya Ibilisi walikuwa wanawake wenzake. Mwezi wa Julai alinyongwa Chelmsford.

Msomaji ataona kuwa Hopkins sijamtaja. Alikuwapo, na maungamo hayo ndiyo yaliyomfanya mtu mashuhuri. Lakini hakuleta ugonjwa wa mke wa mshoni, wala hakupiga ramli, wala hakuchagua jina la kikongwe. Alikuta mlango umekwisha funguliwa. Baadaye miji ilimwita na kumlipa kwa hiari yake: Stowmarket ilitoa pauni 23, wakati ambapo ujira wa kibarua kwa siku ulihesabiwa kwa peni. Hata John Lowes, kasisi wa Brandeston, mzee wa miaka ipatayo 80, aliyenyongwa mwaka uleule na ambaye filamu inamwonyesha, alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na waumini wake kabla Hopkins hajafika. Walimngoja mtu wa kuwasaidia, naye akaja.

Sasa tazama Reeves alivyomtendea Elizabeth Clarke. Amemwita jina hilohilo, akamhamisha kutoka Manningtree mpaka Lavenham, akamrudishia mguu, akampunguzia miaka hamsini, akampa uso mzuri na mume ampendaye, kisha akamteremsha kwa ngazi ndani ya moto. Sheria ya Uingereza iliwanyonga wachawi. Aliyechomwa ni mwanamke aliyehukumiwa kwa kumwua mumewe, kama yule wa Ipswich mwaka 1645. Lakini kamba haipendezi kwa kamera kama moto, na kikongwe mwenye mguu mmoja hapendezi kama msichana. Hilo ndilo shauri lenyewe, nami nalishitaki. Mtazamaji analia kwa sababu msichana ni mzuri. Kikongwe mwenyewe, mchafu, mwenye kuombaomba, mwenye maneno makali labda, yule ambaye hakuna aliyemlilia mwaka 1645, hakuna aliyemlilia hata mwaka 1968. Filamu ijitangazayo kumtetea imemwona hafai kuonekana. Na mshoni hayumo kabisa.

Nitatoa haki panapostahili. Baada ya moto ule kuna watoto wanaochoma viazi katika majivu. Hawana chuki, hawana dini, wana njaa tu, na makaa yapo. Picha hiyo moja ina ukweli kuliko shoka na damu yote ya mwisho. Na laiti Reeves angalizifuata nyumbani kwao nyayo za watoto wale akatuonyesha wazazi wao wakila chakula cha jioni, nisingeandika insha hii.

Juu ya filamu ya Kijerumani ya mwaka 1970, Hexen bis aufs Blut gequält, sina haja ya maneno mengi. Huko Marekani watazamaji waligawiwa mifuko ya kutapikia, na mifuko hiyo ndiyo uhakiki wake ulio bora. Nataja jambo moja tu: mwishoni wanakijiji wanaasi na kuwageukia watesaji wao. Ni uongo mtamu sana. Mwanakijiji wa sinema ni mwathirika, ni mwasi, ni shujaa. Shahidi wa mashitaka hawi kamwe, ingawa katika majalada ya mahakama hiyo ndiyo kazi yake.

Wapo wasemao kuwa sinema haiwezi bila mwovu mmoja wa kumchukia, na kwamba jirani mwenye mke mgonjwa hatishi mtu. Nawajibu kwa kazi za Wazungu wenyewe. Mwaka 1922, filamu zikiwa bado hazina sauti, Mdenishi Benjamin Christensen alitoa Häxan. Ndani yake mna mpiga chapa aliyelala kitandani hajiwezi. Mtu anayeyusha risasi, anaimimina majini, anasoma umbo lake, na kutamka kuwa mgonjwa amerogwa. Mara anaingia bibi kizee mwombaji, anapewa chakula jikoni, anakula kwa pupa. Mke wa mgonjwa anamtazama akila; na katika kule kutazama shauri limekwisha. Bibi anateswa, na akiteswa anawataja wanawake wa nyumba ileile iliyomshitaki, hata moto unawarudia wenyewe. Ni mshoni wa Manningtree yuleyule, amebadili kazi tu.

Na mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya majeshi ya Hitler, Carl Theodor Dreyer alitoa Vredens dag. Inaanza kwa kikongwe ampaye mwenzake dawa ya majani, na papo hapo kengele zinalia na sauti za umati zinasikika nje. Kikongwe huyo, Herlofs Marte, si mzuri wala hatamki maneno ya kishujaa. Anaogopa kufa, basi. Sijaona hofu kama ile katika filamu yoyote yenye damu. Baadaye Anne, mke kijana wa mchungaji, anashitakiwa mbele ya jeneza la mumewe, na amshitakiye ni mama mkwe wake, mtu aliyeketi naye meza moja siku zote. Hakuna Hopkins. Kuna nyumba safi, saa ya ukutani, na kimya.

Hata Kladivo na čarodějnice, aliyoitoa Otakar Vávra huko Chekoslovakia mwaka 1970, ambayo kwa hakika ina mwovu wake, hakimu Boblig, haimwachii dhambi yote. Inaanza kwa mwanamke fukara aibaye mkate wa sakramenti kwa ajili ya ng'ombe asiyetoa maziwa. Kisha wakubwa wanamwita Boblig, wanamlisha, wanakula naye. Watazamaji wake walikuwa wameyaona mashauri ya miaka ya hamsini, ambayo washitakiwa walikaririshwa maungamo yao. Hawakuhitaji kuambiwa kuwa hakimu mmoja hawezi kufanya kazi hiyo peke yake.

Kwa nini mwalimu wa Kiswahili ajisumbue na hayo? Kwa sababu kijana yule hodari wa maneno alipoketi, aliongeza kwa sauti ya chini kuwa mambo hayo yalikuwa ya Ulaya ya kale. Darasani mle wamo wanafunzi watokao Shinyanga na Mwanza. Wanajua kuwa vikongwe wameuawa kwa mapanga huko kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho ni mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka sitini. Mwezi wa Mei 2008 huko Kisii watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto. Hakuna Hopkins aliyepanda farasi kwenda Kisii. Palikuwa na ugonjwa au msiba, palikuwa na mganga, palikuwa na jina lililotajwa, na usiku majirani walitoka. Mtu aliyefundishwa na sinema kumtafuta bwana mwenye sauti ya baridi atapita katikati ya watu hao asiwatambue, na yamkini atawaamkia.

Methali yetu husema kikulacho ki nguoni mwako. Nakiri kuwa mshoni Rivet angaliipenda sana methali hii. Naye aliamini hivyo hivyo, ndiyo maana akamtazama jirani yake.

Muhula ujao nitaonyesha Vredens dag. Haina shoka, wala mifuko haitagawiwa. Kazi ya insha itakuwa moja kwa wote, kurasa mbili, bila kumtaja Hopkins: andika maneno ambayo mshoni alimwambia mkewe usiku ule aliporudi kutoka kwa mganga.