Kofia ya kauri haitibu maji

Katika miteremko ya Mlima Meru, watoto wengi huota meno yenye madoa ya kahawia. Chanzo ni floraidi nyingi katika maji ya maeneo ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Siku hizi vijana hutuuliza kuhusu kofia za meno za kauri. Kauri, hasa zirkonia, ni ngumu na hufanana na jino. Lakini ili kofia ikae, daktari husaga jino pande zote, na lililosagwa halirudi. Daraja la kuziba pengo nalo kwa kawaida hutaka meno mawili ya jirani yasagwe. Kama jino ni zima, ila lina madoa tu, tumuulize daktari kwanza njia isiyosaga sana.

Na mdogo wake je, anayekunywa maji yaleyale? Meno ya mbele hujengeka kabla ya miaka 8. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Mkaa wa mifupa, unaotumiwa na kituo cha Ngurdoto, Arusha, huipunguza.

Basi mkutano wa kijiji ukifika, tuulize: kisima chetu kimepimwa floraidi?