Wacheki na Lugha Yao

Wapo wanaodhani kwamba lugha hufa kwa kukosa maneno. Historia ya Wacheki yaonyesha vingine. Baada ya mapigano ya Bílá Hora ya mwaka 1620, utawala wa ukoo wa Habsburg ulikazwa juu yao. Mwalimu mashuhuri Comenius aliihama nchi mwaka 1628 asirudi tena. Katika miaka ya 1780 Kaisari Josef II alikifanya Kijerumani kuwa lugha ya ofisi na ya elimu ya juu. Kicheki kikabakia shambani na jikoni. Hata Josef Dobrovský, bingwa wa sarufi ya Kicheki, aliiandika sarufi hiyo ya mwaka 1809 kwa Kijerumani!

Kazi kubwa ilifanywa na mwalimu wa shule, Josef Jungmann. Kamusi yake ya Kicheki na Kijerumani ilitoka katika majuzuu matano kati ya 1834 na 1839. Neno lilipokosekana, yeye na wenzake waliliazima kwa lugha za jamaa: Wacheki walilipata neno lao la hewa, vzduch, kutoka Kirusi. Wanaocheka istilahi mpya hawakosekani popote; leo mtoto wa Kicheki hulitamka neno hilo bila kujua kuwa liliwahi kuwa geni.

Wananchi nao walichanga fedha kujenga Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza mjini Praha. Lilifunguliwa Juni 1881, likaungua Agosti mwaka huo huo. Wakachanga tena, na mwaka 1883 likafunguliwa upya.